Kabla mtoto hajalala kwa jirani, uliza bunduki iko wapi

SEHEMU YA 1

Najua niliahidi leo tumalizie uji wa lishe. Uji utasubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumapili na nisipoliandika sitalala.

Jumapili saa 12 asubuhi natoka zamu ya usiku. Mguu mmoja uko kwenye ndala, mwingine bado kwenye kiatu cha kazini, simu inaita. Ni mdogo wangu wa kike, yule aliyeolewa akaenda Marekani, wanaishi jimbo la Minnesota. Kwao ilikuwa Jumamosi saa 3 usiku. Nikajua kuna msiba, maana saa hizo huwa hapigi.

"Dada, kwa jirani kuna mnyama amening'inizwa gereji."

Nikamwambia mama, tulia, mnyama gani? Akasema ni kama kulungu wetu huyu, ila mkubwa zaidi, na dume lake lina pembe zenye matawi. Ametundikwa kichwa chini, tumbo limepasuliwa, na pembeni juu ya meza kuna bunduki mbili ndefu zinasafishwa kwa mafuta na kitambaa, kama mtu anavyosafisha baiskeli. Yeye alikuwa amepeleka bakuli la watu tu. Alikuta mlango wa gereji uko wazi, na jirani akamkaribisha kwa furaha aje aone nyama.

Nilicheka, nisiseme uongo. Sisi tuliokulia Makwale nyama ya porini haitutishi. Lakini yeye hakucheka. Akaniambia, "Dada, binti wa huyu jirani amemwalika mwanangu akalale kwao Jumamosi ijayo." Kule watoto wana desturi ya kualikana kulala, wanakesha wanaangalia katuni na kula bisi, asubuhi wanarudishwa makwao. Mtoto mwenyewe ana miaka 6. Mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, kwa hiyo kicheko kikaisha hapo hapo.

"Nikatae? Nitaonekana mshamba. Nikubali? Sitapata usingizi. Nikiuliza habari za bunduki, si nitakuwa nimemtukana mtu nyumbani kwake?"

Hilo swali la mwisho ndilo limenileta hapa. Limenigusa kwa sababu hata hapa kwetu sijawahi kumsikia mama akimuuliza mwenzake.

SEHEMU YA 2

Kwanza niwaambie kuhusu huyo jirani, maana siyo Mmarekani wa sinema. Ni Mwingereza. Amehamia kule ukubwani kwa ajili ya kazi, na kwao Uingereza hakuwahi kugusa bunduki hata siku moja. Askari polisi wengi wa Uingereza wanazunguka mitaani bila bunduki. Na wao wana kidonda chao. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji mdogo wa Dunblane kule Scotland, mwanamume aliingia shule ya msingi na bastola zake, alizomiliki kwa kibali halali, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Watoto wa miaka 5 na 6. Mwaka uliofuata, 1997, sheria zikapitishwa zilizowaondolea raia karibu bastola zote. Bunduki ndefu za kuwindia bado zipo, ila polisi wanakuja hadi nyumbani kuona utaifungia wapi kabla hawajakupa cheti.

Huyo ndiye mtu aliyeshuka Minnesota. Alimwambia shemeji yangu kwamba mwaka wa kwanza, akisikia wenzake kazini wanazungumzia bunduki wakati wa chai, alikuwa anahama meza. Mwaka wa tatu akaenda nao porini kwa heshima tu, bila kushika kitu. Sasa ana bunduki tatu, friji la nyama limejaa, na kila ikifika Novemba anaomba likizo.

Mimi simlaumu. Ukimsikiliza, mambo mengi anayosema yana akili. Kule kwao kuwinda ni mambo ya wenye mashamba makubwa na farasi. Minnesota fundi wa magari na daktari wanakutana pori moja la umma, kila mmoja na leseni yake. Mtu aliyezaliwa baada ya mwaka 1979 hapewi leseni ya kuwinda kwa bunduki mpaka awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Unavaa rangi ya chungwa kali au ya waridi inayowaka ili mwenzio asikufananishe na mnyama. Kuna msimu, na kuna idadi ya wanyama unayoruhusiwa. Hata kodi maalumu ya bunduki na risasi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1937, inarudi kutunza wanyamapori. Na nyama inaliwa. Mtu anayelisha watoto wake kulungu aliyemwinda mwenyewe kwa leseni, mimi nitamwambia nini? Nimekula kuku wangapi waliochinjwa na watu nisiowajua.

Sasa shemeji naye amenogewa. Anataka kwenda Novemba ijayo. Nilimwambia jambo moja tu la kisheria, na wenye ndugu kule mlishike: kwa wageni, haki ya kumiliki bunduki inategemea karatasi zako. Mwenye ukaazi wa kudumu yuko tofauti na mwenye viza ya muda, na anayekosea hapo anaweza kufungwa na kurudishwa nyumbani. Aulize mwanasheria kabla hajashika chochote, asimuulize rafiki wa kijiweni.

Lakini mdogo wangu hakunipigia kuniuliza kama kuwinda ni kuzuri au kubaya. Aliniuliza kuhusu Jumamosi.

SEHEMU YA 3

Hapa navaa gauni langu jeupe.

Marekani ina bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko ina watu. Makadirio yanayotumika sana ni ya taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva, kwamba mwishoni mwa 2017 zilikuwa kama milioni 393. Mwaka 2020 bunduki zilizipita ajali za magari na kuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa nchi hiyo, miaka 1 hadi 19. Zaidi ya 4,300 kwa mwaka mmoja. Kwetu mama anaogopa malaria na nimonia. Kule nchi imeshinda magonjwa hayo, ikaja kukwama kwenye chuma.

Nisiwatishe kwa takwimu nusunusu. Wengi wa hao 4,300 waliuawa na mtu mwingine kwa makusudi, na wengi waliobaki walijiua wenyewe, vijana wa shule waliokuwa na huzuni na silaha ikawa karibu. Watoto wadogo wanaojipiga au kumpiga ndugu kwa bahati mbaya ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo. Ila sehemu hiyo ndiyo ambayo mzazi angeizuia kwa kufuli tu. Utafiti uliotolewa 2018 ulikadiria kwamba watoto milioni 4.6 wa Marekani wanaishi kwenye nyumba yenye angalau bunduki moja ambayo imejazwa risasi na haijafungiwa.

Najua mtakachosema. "Wa kwangu nimemfundisha, hagusi." Mama, kaa hapa nikusimulie.

Mwaka 2001 madaktari wa watoto huko Atlanta walitoa utafiti wao. Walichukua wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wakawaweka wawiliwawili au watatuwatatu kwenye chumba chenye droo. Ndani ya droo kulikuwa na bastola mbili za maji za kuchezea, na droo nyingine ilikuwa na bastola halisi, isiyo na risasi, iliyotegeshwa ili wajue ikifyatuliwa. Dakika 15 tu. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliiona ile bastola. Makundi 16 yaliishika. Kwenye makundi 10, kuna mtoto alivuta kifyatulio. Na karibu wote walioishika walikuwa wamewahi kufundishwa habari za usalama wa bunduki.

Wavulana wa kawaida tu, hawakuwa watukutu. Mtoto akiona kitu ambacho watu wazima wanakiogopa na kukiheshimu, mkono unakwenda wenyewe. Sisi tunaofanya kazi kliniki tunalijua hili kwa njia nyingine: mtoto anayekunywa mafuta ya taa kutoka chupa ya soda, naye mama yake alimwambia usiguse. Ndiyo maana hatumwambii mama "mfundishe zaidi". Tunamwambia chupa ya soda isiwekwe mafuta ya taa kabisa, na dawa ya kupulizia kokoa iwekwe juu, ifungiwe.

SEHEMU YA 4

Sasa turudi nyumbani, maana naona kwenye maoni mmoja ameandika "hayo ya Wazungu, sisi hatuna bunduki". Hatuna? Hapa hapa bonde la Kyela?

Mnaijua mito yetu: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Inamwaga maji ziwani na njiani inapita kwenye mpunga. Kiboko akipanda usiku mmoja kwenye mpunga unaokaribia kuvunwa, ada ya shule imekwenda. Ngedere wanatoboa kokoa, wanafyonza utamu na kuacha ganda. Nguruwe pori wanafukua mihogo. Serikali ina kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, lakini jina lenyewe linakuambia: jasho linafutwa, halirudishwi. Kwa hiyo wapo wazee wenye gobore. Wengine wana kibali. Wengine walilirithi kwa baba likiwa limezungushiwa gunia, na hakuna aliyewahi kwenda nalo polisi.

Na bunduki siyo mgeni pwani hii. Wazee wetu walisimuliwa na wazee wao habari za Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa aliyejiita sultani kule Karonga, ng'ambo ya Songwe. Mwaka 1887 watu wake wenye bunduki waliwavamia ndugu zetu Wangonde, na vita yake haikuisha mpaka Waingereza walipomnyonga Desemba 1895. Yaani bunduki ilifika ziwani kabla ya hospitali. Nimepita njia ndefu, mnisamehe, nilitaka tu yule wa "hatuna bunduki" anielewe.

Sheria ipo. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali na mwenye nayo aitunze salama. Kuwinda kuna sheria yake ya mwaka 2009, na ukikutwa na nyama ya porini usiyoweza kuieleza, hiyo inaitwa nyara ya serikali, hutoki kirahisi. Tangu 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori, anayetamani nyama hiyo anunue na risiti. Hayo ya sheria nayaishia hapo, mimi siyo wakili.

Nizungumze nililoliona kwa macho yangu.

Ni miaka mingi sasa, kwenye kituo nilichokuwa nafanya kazi kabla ya kuhamia huku. Jina lake nitakaa nalo. Usiku wa mvua, pikipiki mbili zinaingia. Ya kwanza ina baba na binti wa miaka 9, amefungwa kanga pajani, kanga nzima nyekundu. Ya pili ina mama, amembeba mvulana wa miaka 7 ambaye hana hata mkwaruzo lakini anatetemeka meno yanagongana. Nikauliza kimetokea nini. Baba akasema, "Ameangukia chuma."

Nikafungua kanga. Mama zangu, chuma hakiingii paja hivyo. Kulikuwa na tundu kubwa na mengine madogo kulizunguka, na ngozi imeungua na baruti. Nikamwangalia yule baba. Akarudia, "Chuma." Tukapoteza muda. Sitasahau, tulipoteza muda tukibishana na chuma, na damu inatoka. Anaogopa polisi, anaogopa fomu ya PF3, gobore halikuwa na kibali. Aliyesema ukweli ni yule mvulana. Alivuta gauni langu akasema, "Shangazi, ni mimi. Nilidhani halina kitu."

Gobore lilikuwa la mjomba wao. Lilikaa nyuma ya mlango wa chumba walichokuwa wanalala watoto, kwa sababu ndicho chumba pekee kisichovuja.

Binti aliishi. Anatembea kwa kuchechemea. Yule mvulana alikaa miezi bila kuongea vizuri, na nikiulizwa ni nani kati ya wale wawili aliumia zaidi, mimi sijui kujibu.

Hebu nichomeke hapa la kikazi kabla sijasahau. Mtu akipigwa risasi au gobore: kandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachie, usichungulie kila dakika. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usichokoe kutoa kitu kilichoingia. Usimwagie mafuta ya taa, majivu, unga wa kahawa wala kinyesi cha ng'ombe. Mfunike asipate baridi, mkimbize. Na sema ukweli ukifika. Mgonjwa wa dharura anaanza kutibiwa, mambo ya PF3 yanafuata. Nesi akijua ni baruti anajua atafute nini, na sindano ya pepopunda anaichoma mapema.

SEHEMU YA 5

Nikarudi kwa mdogo wangu. Nilimwambia asikatae na asikubali kwanza, aende akaulize.

Akaniambia, "Dada, nitaanzaje?" Hapo ndipo malezi yetu yanatufunga. Sisi Wanyakyusa ukikaribishwa kwa mtu unakaa, unasalimia kwa utaratibu, unakula ulichopewa. Huanzi kukagua nyumba ya watu. Kumuuliza mwenyeji "silaha yako iko wapi" ni kama kumuuliza chungu chake kina nini. Naielewa aibu hiyo. Mimi mwenyewe ninayo.

Lakini angalieni maswali ambayo tayari tunauliza bila aibu. "Mbwa wenu anauma?" Tunauliza. "Huyu mtoto hali karanga, msimpe." Tunasema. "Kisima chenu kina mfuniko?" Bibi yangu aliuliza kisima kila nyumba tuliyolala, na hakuna aliyenuna. Kwa nini bunduki iwe ndiyo siri? Naona ni kwa sababu bunduki ni ya baba. Kisima ni cha nyumba, mbwa ni wa nyumba, bunduki ni ya baba, na mambo ya baba hayaulizwi na mwanamke aliyekuja kutembea. Basi hapo sikubaliani na desturi. Desturi nyingine nazipenda sana, hii hapana.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanawashauri wazazi wafanye hivyo hivyo: kabla mtoto hajaenda kucheza nyumba ya mtu, uliza kama kuna bunduki na kama imefungiwa. Na wanasema bila kuzunguka kwamba nyumba salama zaidi kwa mtoto ni isiyo na bunduki kabisa. Kama ipo, iwe haina risasi ndani, ifungiwe, na risasi zifungiwe mahali pengine pa peke yake. Kule kuna vituo vya polisi vinavyogawa bure kufuli la waya, unalipitisha ndani ya bunduki haiwezi kufyatuka. Minnesota yenyewe ina sheria ya kumshtaki mtu anayeacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia.

Nikampa maneno. Nikamwambia, usianze na "nasikia una bunduki". Anza na mtoto wako. Sema, "Binti yangu hajawahi kuishi kwenye nyumba yenye bunduki, hajui chochote, na ana mikono ya udadisi. Naomba nijue zinakaa wapi atakapolala." Ukiwa wewe ndiye mwenye mtoto asiyejua, hujamshtaki mtu.

Alienda Jumanne. Akanipigia akiwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Yule Mwingereza hakukasirika hata kidogo. Alisema yeye mwenyewe angeuliza hivyo miaka 10 iliyopita, na hajui ni lini aliacha kuwaza hivyo. Akampeleka chini kwenye chumba cha stoo. Kabati la chuma, zito, limefungwa barabara. Bunduki tatu ndani, zote tupu, alimfungulia akaona. Risasi kwenye sanduku jingine lenye kufuli. Mdogo wangu akashusha pumzi. Akauliza tu kwa kukamilisha, "Na ufunguo?"

Jamaa akasema, "Tunauficha, watoto hawajui."

Binti yake wa miaka 7 alikuwa amesimama kwenye ngazi nyuma yao. Akasema, "Uko ndani ya kopo la kahawa, baba. Juu ya friji."

Mdogo wangu anasema yule baba aligeuka mwekundu mpaka shingoni. Alikaa kwenye ngazi. Hakusema kitu kwa muda. Baadaye akamshukuru. Siku iliyofuata akaenda kununua kufuli la namba.

Jumamosi mtoto alienda kulala. Alirudi na nyama.

SEHEMU YA 6

Kwenye hiyo nyama nina neno, hasa kwa wajawazito.

Kiswahili kimetuachia onyo ambalo hatulisikii. Risasi inayotoka kwenye bunduki na risasi ile madini laini mazito ya kijivu ni neno moja, kwa sababu ya kwanza imetengenezwa na ya pili. Ikimpiga mnyama inapasuka vipande vidogo kuliko chembe ya chumvi, na vinasambaa kwenye nyama mbali na tundu lenyewe. Huvioni, huvihisi jinoni. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota, jirani wa Minnesota, lilipima nyama ya kulungu iliyotolewa msaada kwa familia maskini na kukuta vipande hivyo. Idara yao ya afya ikashauri wajawazito na watoto chini ya miaka 6 wasile kabisa nyama ya mnyama aliyepigwa kwa risasi za madini hayo. Yanaharibu ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango kidogo ambacho tunaweza kusema ni salama. Wawindaji wengi sasa wanatumia risasi za shaba. Mdogo wangu akauliza, jirani anatumia zile za zamani. Nyama wakala watu wazima, watoto wakala kuku. Shemeji hakufurahi, alitaka mtoto aonje.

Na huku kwetu pia. Gobore linajazwa chochote: vipande vya nondo, misumari, na madini hayo hayo. Na kama kwenu kuna mvuvi anayeyeyusha risasi ya betri kuukuu kutengeneza vizito vya nyavu, afanye nje, mbali na jiko na mbali na watoto, na sufuria hiyo isirudi kupikia mboga hata ioshwe mara mia.

Nimalizie na la kwangu, maana itakuwa aibu nimtume mdogo wangu akaulize Marekani halafu mimi ninyamaze.

Nina mjomba, mkubwa wa ukoo, analima kokoa na mpunga. Ana gobore lenye kibali, alilipeleka kuhakikiwa mwenyewe, mtu wa utaratibu. Kila likizo wanangu wanalala kwake. Nimelala nyumba ile tangu mtoto, na sijawahi kumuuliza. Alhamisi nilipotoka kazini nikapitia, nikamsalimia, nikakaa kwenye mkeka, tukala, tukaongea habari za bei ya kokoa. Nikatafuta mlango wa kuingilia nisiupate. Mwisho nikasema tu, "Mjomba, naomba nikuulize kama nesi, siyo kama mwanao. Gobore linakaa wapi wajukuu wakiwa hapa?"

Akaniangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Umesoma sana wewe."

Shangazi, mkewe, akajibu kutoka jikoni: "Liko darini juu ya kitanda cha watoto. Na baruti iko kwenye kopo la maziwa dirishani. Nimemwambia miaka 20."

Mjomba hakusema kitu. Nikaaga, nikasema ndaga fijo, nikaondoka nikijua nimemuudhi. Jana ametuma ujumbe, siyo kwangu, kwa mume wangu: anauliza fundi gani anatengeneza sanduku la chuma lenye kufuli pale Ipinda, na bei zake.

Akina mama wenye gobore nyumbani ambalo halina kibali, msilitupe mtoni wala kulizika shambani, watoto watalifukua. Jeshi la Polisi huwa linatoa vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, na mnaweza kumtuma mwenyekiti wa kijiji au mchungaji awaulizie utaratibu kwanza. Sitauliza majina hapa na msiniandikie majina kwenye maoni. Mwenye shida anifuate inboksi.

Wiki ijayo siku ya kliniki, nikishamaliza kuuliza chandarua na maziwa ya mama, nitaongeza swali moja. Msishangae, na msiseme nesi kaanza upolisi. Uji wa lishe tutaumalizia Jumatatu, mtafute karanga na mchele kabisa.